Kusoma Mashine Kabla ya Kuitilia Programu

Mhadhara wa umma kwa walimu, wanafunzi na mafundi wa kompyuta, Kakamega



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu siku hiyo swali limekuwa lile lile katika shule, saiba, zahanati na ofisi za vyama vya ushirika: mashine hizi tuzitupe? Muuzaji ana jibu lake, na amelitayarisha kitambo. Jibu langu ni refu kidogo. Nasema kwamba kompyuta haihukumiwi kwa umri wake, wala kwa kibandiko kilichogandishwa karibu na kibodi. Kinachoamua ni kama vitu vitatu vinapatana: prosesa, mfumo endeshi, na toleo la programu unayoitaka. Mwenye kujua kusoma vitatu hivi hununua kwa busara, hutengeneza kwa uhakika, na hatupi kitu kabla ya wakati wake. Asiyejua hubaki kumsikiliza yeyote atakayempata kwanza dukani.

Mtu akifika kwa fundi akasema, “Niwekee Python,” au “Nitilie Windows,” hajamaliza sentensi. Ipi? Toleo gani? La prosesa ya aina gani? Mhadhara huu wote ni juu ya namna ya kuimaliza sentensi hiyo.

Marika ya mashine zetu

Ofisi kubwa ya London hununua mamia ya kompyuta za aina moja kwa mpigo, na baada ya miaka michache huziondoa zote pamoja. Mtaalamu wao akishaijua moja, amezijua zote. Sisi huku tunapokea mabaki ya ofisi mia. Mashine hushuka Mombasa, zikasafishwa Nairobi, zikapakiwa kwenye basi hadi Kakamega. Ndiyo maana katika maabara moja ya shule unaweza kukuta Core 2 Duo ya mwaka 2008 iliyotolewa msaada, Core i5 ya mwaka 2013 iliyonunuliwa kwa hazina ya eneo bunge, na Celeron mpya iliyoletwa na mfadhili juzijuzi. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni tangu mwaka 2002. Mwaka 2016 serikali nayo ikaanza kusambaza vifaa kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, ikivitumia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na washirika wao wa kigeni. Kila mkondo ulikuja na prosesa zake na mifumo yake.

Kwa hiyo kuoanisha programu na mashine, jambo ambalo kule kwingine hufanywa mara moja kila ununuzi mpya unapofika, kwetu ni kazi ya kila Jumatatu asubuhi. Hatuna budi kuwa mabingwa wake.

Biti 32 na biti 64

Tuanze na swali la kwanza ambalo ukurasa wowote wa kupakua programu hukuuliza: biti 32 au 64?

Prosesa huifikia kumbukumbu kwa anwani. Ile ya biti 32 huandika anwani kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na idadi ya anwani zinazoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296. Kila anwani ni ya baiti moja, na jumla yake ni GB 4. Tena si zote zinazoifikia RAM, kwa kuwa baadhi hutengewa kadi ya picha na vifaa vingine. Ndiyo sababu Windows ya biti 32 kwenye mashine ya GB 4 hukuonyesha kwamba inayotumika ni GB 3 na ushei.

Intel ilifikia biti 32 kwa prosesa ya 80386 mwaka 1985. Mwezi Aprili 2003 AMD ikatoa Opteron, iliyoongeza amri za biti 64 bila kuzifuta zile za zamani, na mwaka 2004 Intel ikafuata njia hiyo hiyo. Uamuzi ule wa kutofuta za zamani ndio uliozaa kanuni tunazoishi nazo leo.

Kanuni ya kwanza: prosesa ya biti 64 huukubali mfumo endeshi wa biti 32, lakini prosesa ya biti 32 haiukubali kamwe ule wa biti 64. Hata hautaanza kusakinika.

Kanuni ya pili: Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila kinyongo, na ndiyo maana kwenye diski C mna folda mbili za programu, moja ikiwa na alama ya x86 mwishoni. Ila programu za biti 16, zile za enzi za DOS na Windows 3.1, haiziendeshi. Chama cha ushirika ambacho bado kina programu ya hesabu ya miaka ile kitahitaji DOSBox au mashine pepe ili kufungua daftari lake.

Kanuni ya tatu inahusu draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kukiendesha kifaa kama printa. Draiva hukaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na humo hakuna mkalimani. Mfumo wa biti 64 unataka draiva ya biti 64. Printa inaweza kuwa nzima, wino umejaa, waya umechomekwa, na isichape hata ukurasa mmoja kwa kuwa aliyeiunda hakuwahi kutoa draiva ya biti 64. Kabla ya kubadilisha mfumo wa kompyuta ya ofisi, ulizia kwanza printa, skana na mashine ya alama za vidole.

Hebu tuitazame kwa karibu hali moja ambayo kila fundi hapa anaifahamu. Mteja analalamika kwamba mashine yake ni nzito. Ameshauriwa aongeze RAM, ameongeza kutoka GB 4 hadi GB 8, amelipa, na uzito uko pale pale. Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha utafutaji. Prosesa: Core i5, biti 64. RAM iliyochomekwa: GB 8. RAM inayopatikana: GB 3 na kitu. Aina ya mfumo: x86. Maana yake kuna mtu aliyeisakinishia Windows 10 ya biti 32 kutoka kwenye flashi yake ya siku zote, na zaidi ya nusu ya RAM aliyoinunua mteja imekaa bure. Hakuna kifaa kilichoharibika hapo. Dawa yake ni kuhifadhi data kwingine na kusakinisha upya mfumo wa biti 64, maana hakuna njia ya kupanda kutoka 32 hadi 64 bila kuanza upya. Leseni ni ile ile, hailipiwi mara ya pili.

Amri ambazo prosesa haizijui

Wengi wakishajua habari ya biti hudhani wamemaliza. Hawajamaliza. Prosesa mbili zinaweza kuwa za biti 64 zote, na moja ikajua amri ambazo nyingine haijawahi kuzisikia. Kila baada ya miaka michache watengenezaji huongeza kundi jipya la amri: SSE2, SSE4.2, AVX, AVX2. Mwandishi wa programu akiamua kuzitumia, amezifungia mlango mashine zote zilizotangulia.

Mfano wa hapa nyumbani ni wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeunda mfumo wa wavuti kwa ajili ya mradi wake. Amefuata mafunzo ya mtandaoni, akapakua programu ya hifadhidata ya MongoDB, toleo la karibuni, akasakinisha bila shida. Akiiwasha, inazimika papo hapo. Kwenye Linux ataona ujumbe kwamba amri si halali. Ataiondoa, ataisakinisha upya, atalaumu intaneti, atamlaumu mwalimu. Tatizo ni kwamba MongoDB kuanzia toleo la 5.0, lililotoka mwaka 2021, inadai AVX, na AVX ilianza kwenye prosesa za Intel za mwaka 2011. Core 2 Duo ni ya biti 64, lakini AVX haina.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata watu makini. Kwa miaka mingi baada ya 2011 Intel iliendelea kutoa Celeron na Pentium za bei nafuu zisizo na AVX. Kwa hiyo kipakatalishi kipya kabisa chenye Celeron, kilichonunuliwa mwaka 2018 kikiwa ndani ya katoni, kitashindwa na MongoDB 5.0, ilhali Core i5 ya mwaka 2012 iliyochakaa pembeni itaiendesha. Anayepima kwa umri atakosea hapo moja kwa moja.

Suluhisho la mwanafunzi wetu lipo: atumie toleo la 4.4, ambalo halidai AVX. Lakini ajue kwamba toleo hilo liliacha kupata marekebisho Februari 2024. Linafaa kwa kujifunzia na kwa kuonyesha mradi. Kuhifadhia rekodi za wagonjwa au akaunti za wanachama wa sako, halifai.

Ukitaka kujua prosesa yako inazijua amri zipi, kwenye Linux andika lscpu kisha usome mstari wa alama. Kwenye Windows ipo programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z. Ni kazi ya dakika moja, na inaokoa wiki nzima ya lawama.

Mpaka wa chini na mpaka wa juu

Tukija kwenye mfumo endeshi, kila programu ina mfumo wa zamani kuliko wote inaoweza kuukubali. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7; kuanzia 3.9 inataka Windows 8.1 kwenda juu. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109, mwezi Januari 2023, kwa wenye Windows 7 na 8.1. Programu ya takwimu ya R, ambayo watafiti wengi wanaitegemea, iliacha kutolewa kwa Windows ya biti 32 kuanzia 4.2.0 mwezi Aprili 2022. Mwenye mfumo wa biti 32 anaishia 4.1.3. Mtafiti akipewa msimbo na msimamizi wake, na kifurushi kikagoma kufunguka, huenda takwimu zake hazina kasoro yoyote; R zao ni za matoleo mawili tofauti.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba mpaka upo juu pia. Mfumo wa zamani unaweza kuikataa prosesa mpya. Baadhi yetu tunaipenda Windows 7, na tunajaribu kuitia kwenye mashine za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015. Usakinishaji unaanza vizuri, kisha kwenye ukurasa wa kuchagua lugha kibodi na kipanya vinakufa. Unachomoa, unachomeka tundu jingine, hakuna kitu. Vifaa ni vizima. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0, na mashine hizo nyingi matundu yake yote yanaendeshwa kwa njia hiyo mpya, kwa hiyo mfumo hauoni kidole chako. Mwaka 2017 Microsoft ikaongeza kizuizi kingine: Windows 7 iliyotiwa kwenye prosesa za kizazi cha saba cha Intel, au Ryzen za AMD, ikaacha kupewa marekebisho.

Hata Kiswahili chenyewe kimepita katika mipaka hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, nayo Microsoft ikatoa vifurushi vya lugha vya Kiswahili kwa Windows. Kile cha Windows 7 kilikuwa mafaili mawili, moja la biti 32 na jingine la biti 64, na kilisimama juu ya Windows ya Kiingereza tu. Mwalimu aliyepakua faili lisilo lake hakupata menyu za Kiswahili, na ilikuwa rahisi kwake kuhitimisha kwamba Kiswahili hakifanyi kazi kwenye kompyuta. Teknolojia ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kumwambia achague lipi.

Kusoma jina la prosesa

Mkulima wa Malava hanunui mbegu kwa kusikia neno mahindi peke yake. Anasoma pakiti. Anajua kwamba H614 ni ya nyanda za juu, kwamba mfululizo wa H5 ni wa maeneo ya wastani, kwamba PH4 ni ya Pwani na DH04 ni ya ukame. Akiletewa PH4 Kakamega hatalaumu udongo wake. Atarudisha pakiti dukani. Jina la prosesa nalo limebeba habari yake kwenye herufi na tarakimu, na linasomeka vivyo hivyo.

Chukua HP EliteBook 840, kipakatalishi kilichojaa katika maduka yetu. Dukani utaonyeshwa vitatu vinavyofanana sura, vyote vina kibandiko cha Core i5. Fungua kila kimoja usome jina kamili. G1 itakuonyesha i5-4300U. G3 itakuonyesha i5-6300U. G5 itakuonyesha i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha nne, cha sita, cha nane. Namba ikianza na 10 hadi 14, soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama i5-520M, hiyo ni ya kizazi cha kwanza.

Kwa nini tarakimu hiyo ina uzito? Kwa sababu Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa jumla inazitambua prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane tu. Pia inadai biti 64, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kati ya vile vitatu, ni G5 peke yake inayoruhusiwa. Tena i3 ya kizazi cha nane inakubaliwa, na i7 ya kizazi cha sita inakataliwa. Muuzaji anayekusifia i7 bila kukutajia kizazi amekuambia nusu ya habari, na nusu aliyoificha ndiyo yenye bei.

Zabuni za shule na za ofisi za umma zina udhaifu huo huo. Zinaandika “Core i5, RAM GB 8” na kuishia hapo. Kwa maneno hayo mzabuni anaweza kuleta mashine ya mwaka 2012 na akawa hajavunja mkataba. Andikeni kizazi. Andikeni TPM 2.0. Andikeni mfumo endeshi, toleo lake, na biti zake.

Wenye Windows 10 wafanye nini

Narudi kwenye swali la mashine za kutupwa, sasa tukiwa na vipimo mkononi.

Kama prosesa ni ya kizazi cha nane au zaidi, na TPM ipo, pandisha hadi Windows 11. Kagua kwanza BIOS, yaani mipangilio ya awali ya mashine, kwa sababu mara nyingi TPM ipo lakini imezimwa.

Kama prosesa ni ya biti 64 lakini ni ya kabla ya kizazi cha nane, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kununua muda: Microsoft imeendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa mashine za Windows 10 za watu binafsi zilizosajiliwa, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kwa taasisi za elimu ada ni dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Mwalimu mkuu mwenye kompyuta 30 afanye hesabu hiyo kabla hajaitisha mchango wa wazazi. Ya pili ni Linux. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, itahudumiwa hadi mwaka 2029, na mashine ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 inaimudu. Kwa kuandika, kutumia intaneti, kufundishia Python na hata kuendesha R, mwanafunzi hatakosa kitu. Ya tatu ni ile ya uchochoroni: kutumia flashi iliyochezewa ili Windows 11 isikague prosesa. Inawezekana, na wengi wenu mnaifanya. Mwambieni mteja ukweli: Microsoft haitoi ahadi ya marekebisho kwa mashine ya namna hiyo, na tangu toleo la 24H2 prosesa zisizo na SSE4.2 na POPCNT, zikiwemo Core 2 Duo zote, haziwaki kabisa.

Kama prosesa ni ya biti 32 kwelikweli, mlango unakaribia kufungwa. Linux ya Ubuntu iliacha kutoa diski ya biti 32 ya kompyuta za mezani mwaka 2017. Debian 13, ya Agosti 2025, nayo imeacha kusakinika kwenye mashine hizo. Debian 12 bado inafaa, na itahudumiwa hadi mwaka 2028. Mashine hiyo ifundishie uchapaji, kisha ipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, isiishie kuchomwa nyuma ya karakana.

Linalobaki ni njia ambayo ndiyo maarufu kuliko zote: kutofanya lolote. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga hospitali za Uingereza na kampuni katika nchi nyingi, na wengi wa walioathirika walikuwa na Windows 7 ambayo haikuwa imetiwa marekebisho yaliyotolewa miezi miwili kabla. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa. Zahanati inayohifadhi majina na magonjwa ya watu kwenye mfumo usiohudumiwa itapata shida kueleza hatua yake ilikuwa ipi.

Simu na mafaili

Wengi wa walio hapa kompyuta yao ya kwanza ni simu. Prosesa za simu karibu zote ni za familia ya ARM, ambayo amri zake ni tofauti kabisa na za Intel, na huko pia kuna biti 32 na 64. Duka la Google huchagua faili linaloifaa simu yako bila kukuuliza, na tangu Agosti 2019 linawadai watengenezaji walete toleo la biti 64. Shida huanza rafiki anapokutumia programu kwa Bluetooth. Simu yake ilipewa faili la biti 64, yako ni ya bei nafuu na mfumo wake ni wa biti 32, na unaambiwa tu kwamba programu haikusakinishwa. Simu yako haina ubaya. Chukua programu dukani penyewe, maana kwa kufanya hivyo unaepuka na virusi pia.

Mafaili nayo yana matoleo. Fomu ya Excel ya marejesho ya kodi ya Mamlaka ya Mapato, KRA, ina makro ndani yake. Vitufe vyake vinaamka kwenye Excel ya kompyuta iliyoruhusiwa makro, na kwenye Excel ya simu vinabaki picha. Hifadhidata ya Access yenye mwisho wa accdb ilianza na Office ya 2007, na Access ya 2003 haiifungui. Walimu wa kompyuta nawakumbusha jambo la karibu zaidi: Microsoft imetangaza kwamba Publisher itaachwa Oktoba 2026. Wale ambao mafunzo yao yote ya uchapishaji yako humo waanze sasa kuyahamisha hadi PDF, na kujaribu Scribus au LibreOffice Draw.

Mapendekezo

Naomba mambo manne yafanyike katika kaunti hii, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kila shule na ofisi iwe na daftari la mashine. Mstari mmoja kwa kila kompyuta: jina kamili la prosesa, biti, RAM, mfumo endeshi na toleo lake, tarehe ambayo huduma ya mfumo huo itakoma, na printa inayounganishwa nayo. Darasa moja la wanafunzi linaweza kulijaza kwa kipindi kimoja, na watajifunza mengi kuliko kwa kusomewa ufafanuzi wa kompyuta ubaoni.

Kila maabara iwe na diski moja ya nje yenye programu zilizopakuliwa kwa watengenezaji wenyewe, kila faili likiwa na toleo na biti kwenye jina lake, na alama ya SHA-256 imekaguliwa kuthibitisha kwamba faili halijachezewa. Windows peke yake ni zaidi ya GB 5. Hakuna sababu ya kila mtu kuzilipia bando upya, wala ya kukimbilia nakala zilizovunjwa ambazo hazijulikani zimetiwa nini.

Mafundi, risiti iandike mlichosakinisha: jina, toleo, biti, tarehe. Mteja akirudi baada ya miezi sita, nyote wawili mtajua pa kuanzia, na fundi mwingine akiipokea mashine hataanza kwa kubahatisha.

La nne ni kwa wanaonunua kwa fedha za umma. Baraza la Mitihani, KNEC, katika karatasi ya vitendo ya Masomo ya Kompyuta, 451/2, limekuwa likiwaagiza watahiniwa waandike jina na toleo la programu waliyotumia kwa kila swali. Anayesahihisha hawezi kuamini kazi asiyojua imefanyiwa wapi. Basi mkaguzi wa hesabu asikubali ankara ya kompyuta isiyotaja kizazi cha prosesa na toleo la mfumo. Anachodaiwa mtoto wa kidato cha nne, mwenye kutia saini hundi ya shule hawezi kusamehewa.

Sasa nakaribisha maswali, na mwenye kipakatalishi chake akifungue.